Kulifunga tundu la dari lisiwe njia ya mwizi, popo wala upepo: mwongozo kamili kwa nyumba za Tanga

Ingia nyumba yoyote ya Makorora, Mwanzange au Chumbageni, uinue macho ukiwa kwenye korido. Mahali fulani utaona mraba uliokatwa kwenye dari, na juu yake kipande cha siling bodi kimelazwa tu. Hakina bawaba wala komeo, na mara nyingi kimepinda pembe moja. Fundi umeme alipita hapo siku ya kuvuta nyaya, akakirudisha, akaondoka. Tangu siku hiyo hakuna aliyekigusa, isipokuwa upepo.

Watu hulikumbuka tundu hili mambo yakishaharibika: mfuniko umemwangukia mtoto, usiku kuna mtu anatembea juu ya kichwa chako, au kinyesi cha popo kinamwagikia kwenye kochi. Kazi yenyewe si kubwa. Mtu anayejua kushika msumeno na drili anaimaliza kwa siku moja akiwa na msaidizi wa kumshikia ngazi. Ila wengi wanaianza vibaya. Wanakimbilia dukani kununua komeo na kufuli, wanavifunga kwenye siling bodi ya milimita chache, wanaridhika. Komeo hilo halifungi kitu. Nguvu ya tundu la dari iko kwenye mbao zinazolizunguka. Mbao zikiwa imara hata komeo la bei ndogo litakusaidia, na kama hazipo basi kufuli kubwa kuliko zote mjini litang'oka na kipande chake cha bodi.

Kwa hiyo mwongozo huu unakaa sana kwenye fremu. Makomeo yatakuja baadaye.

Kwanza, ijue dari yako

Usipande kabla hujajua dari yako ni ya nini, maana kila aina ina masharti yake.

Dari ya plaiwudi au hadibodi ndiyo rahisi kuliko zote: unakata, unapiga skrubu, unaendelea. Jipsamu inakatika vizuri, lakini haishiki skrubu yenye kubeba uzito na ikilowa inamong'onyoka. Dari za pivisi, zile za vipande virefu vinavyong'aa ambazo sasa zimejaa mjini, hazibebi chochote kabisa, hivyo kila kitu kitabebwa na mbao za nyuma yake. Ukiwa kwenye nyumba ya zamani yenye dari ya boriti na chokaa, mwongozo huu haukuhusu. Mwite fundi anayezijua nyumba hizo.

Ya kuogopa ni ile dari ya shuka ngumu za kijivu, nzito, zinazolia kama kigae ukizigonga, kwenye nyumba zilizojengwa miongo mingi iliyopita. Huenda zimetengenezwa kwa simenti na asbestosi. Shuka hizo zikiwa nzima na hazijaguswa, hatari yake ni ndogo. Hatari inakuja ukizikata kwa msumeno, ukizitoboa kwa drili au ukizivunja, kwa sababu nyuzi zake hazionekani kwa macho, zinaingia mapafuni, na madhara yake ikiwemo saratani huja baada ya miaka mingi. Ukiwa na shaka usitoboe hata tundu moja. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizo.

Ulizia pia nyumba ni ya nani. Mpangaji anayekata mbao za dari bila kumwambia mwenye nyumba anatafuta kesi, hata kama nia yake ni njema. Mwambie, na mkubaliane nani atagharamia.

Mfuniko ufunguke kwenda juu au chini?

Hili ndilo la kuamua mwanzoni, na wengi hawaliamui. Wanaiga walichokiona kwa jirani.

Mfuniko wa kufungukia chini unafungwa kwa bawaba upande mmoja na komeo upande wa pili. Unapendeza, na ni mwepesi kwa mtu anayepanda darini mara kwa mara. Ubaya wake ni huu: mtu aliyeko juu akiukanyaga kwa kisigino, uzito wake wote unaliangukia komeo moja na bawaba mbili. Komeo likiachia, mfuniko unafunguka wenyewe, na mwizi anashuka. Ubaya wa pili unamhusu mwenye nyumba mwenyewe. Unapolifungua komeo uko chini yake, na mfuniko unakushukia usoni.

Mfuniko wa kufungukia juu unakalia ukingo wa mbao unaouzunguka pande zote nne. Aliyeko juu hawezi kuusukuma chini hata arukeruke, maana kila upande kuna mbao inayoukinga. Njia yake ni kuuinua, na hapo makomeo yaliyofungwa kwa chini ndiyo yanamzuia. Hata upepo unafanya kazi hiyo hiyo ya kuinua. Kusi linapovuma na madirisha ya upande wa bahari yako wazi, hewa inajaa ndani na kutafuta pa kutokea. Tundu la dari liko pale pale, na kule juu upenuni pana nafasi. Ndiyo maana mfuniko uliolazwa tu hugonga usiku kucha, na siku ya upepo mkali unakutwa umeruka kando.

Kwa nyumba ya kawaida ya Tanga, ambako darini hupandwa mara chache kwa mwaka, mimi nachagua wa kufungukia juu, wenye ukingo pande zote na makomeo mawili. Hatua zinazofuata ni za huo. Wa kufungukia chini nitausemea mbele kidogo kwa walio nao tayari.

Vitu vya kuwa navyo

Vipimo ninavyotumia ni vya tundu la sm 60 kwa 60, ambalo likishavikwa fremu linabaki sm 55. Tundu lako likiwa tofauti, badilisha hesabu, mantiki ni ile ile.

Upande wa mbao (unene na upana ni kwa inchi): mbili kwa mbili moja ya futi 12 kwa ajili ya kukingama, moja kwa sita ya futi 12 kwa ajili ya fremu, na moja kwa mbili ya futi 12 kwa ajili ya ukingo. Mkoa wetu haujawahi kukosa mbao. Mashamba ya miti ya Shume kule Lushoto yana paini na saiprasi, na Longuza ya Muheza ina mitiki. Mitiki haihitajiki hapa, ni gharama bure. Paini kavu inatosha, mradi imepakwa dawa ya mchwa. Ukiwa kwa muuza mbao, inua kila ubao, fumba jicho moja, utazame kwa urefu wake kama umenyooka. Ubao uliopinda utakusumbua siku nzima. Na usikubali kupakiwa mbao mbichi kwa kuambiwa "itakaukia hukohuko, fundi." Chini ya bati la Tanga itakauka kweli, na ikikauka itajikunja na kuvuta skrubu zote.

Plaiwudi ya milimita 12 unahitaji kipande kidogo tu, kwa hiyo usinunue shuka nzima. Karakana za samani hubaki na vipande, nenda na futi yako ukaulize. Mfuniko wa plaiwudi hiyo utakuwa na uzito wa kilo mbili na kidogo, ambao mtu mmoja anauinua kwa mkono bila kuyumba. Usiende kwenye milimita 18 au zaidi kwa kudhani unaongeza usalama. Unaongeza uzito unaoweza kumwangukia mtu.

Skrubu chukua za inchi 3 na za inchi 2, na fupi chache za makomeo. Hapa usibane matumizi. Hewa ya bahari yetu ina chumvi, na skrubu nyeusi za jipsamu zinashika kutu hata zikiwa ndani ya nyumba. Nyumba ikiwa Raskazone au Sahare, karibu kabisa na maji, tafuta stenlesi. Ukiwa Mikanjuni au Duga, zile zilizopakwa zinki zinatosha. Makomeo nayo yawe ya stenlesi au brasi, na angalau moja liwe na tundu la kupitisha kufuli.

Vifaa vingine ni vya kawaida: futi, penseli, skwea, pima maji, msumeno, drili yenye biti ya milimita 3 na nyingine inayolingana na unene wa ulimi wa komeo, bisibisi, msasa na gundi ya mbao. Ongeza barakoa nzuri, miwani ya kukinga vumbi na tochi ya kuvaa kichwani. Tochi ya simu inayoshikwa kwa meno haifai, kwa sababu utahitaji mikono yote miwili na kinywa cha kumwitia msaidizi.

Hatua ya 1: Jiandae kupanda

Panda asubuhi. Kufikia saa tano, chini ya bati pameshakuwa tanuri, na mtu mwenye kizunguzungu juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, ni balaa. Kunywa maji kabla, si baada.

Zima umeme kwenye swichi kuu. Kuzima swichi ya taa hakutoshi, maana nyaya za darini zinalisha vyumba vyote, na mara nyingi kule juu kuna viungio vilivyofungwa kwa tepu tu. Panya nao wanaguguna plastiki ya waya na kuuacha uchi. Ukiona waya ulioungua, uliovuliwa au kiungio kilichobadilika rangi, kazi ya dari inasimama hapo mpaka fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, aje. Drili ya kuchaji inakuwezesha kufanya kazi umeme ukiwa umezimwa. Kama huna, toboa matundu yako yote chini kwenye mbao kabla ya kupanda, halafu juu tumia bisibisi ya mkono.

Ngazi iwe ya kujisimamia yenyewe, ile ya miguu miwili inayofunguka. Ukilazimika kutumia ya kuegemeza, iegemee kwenye mbao imara na si kwenye siling bodi, na kwa kila futi nne za kwenda juu mguu wake utoke futi moja. Msaidizi aishike chini muda wote. Kiti cha plastiki juu ya meza si ngazi. Najua kila nyumba inacho, na najua kinatumika. Hata hivyo si ngazi.

Ukifika juu, kanyaga mbao za kenchi peke yake. Siling bodi haibebi mtu. Kama unahitaji kusogea mbali na tundu, laza ubao mpana juu ya mbao mbili za kenchi uwe unapita juu yake. Ila kwa kazi hii karibu yote unaifanya ukiwa umesimama kwenye ngazi, kifua kikiwa ndani ya tundu.

Hatua ya 2: Chungulia kabla hujaingiza kichwa

Inua mfuniko wa zamani polepole kwa mpini wa ufagio ukiwa umesimama pembeni, na usubiri kidogo. Sikiliza. Ukisikia mvumo wa nyuki, urudishe taratibu, funga mlango wa chumba, na utafute mtu wa mizinga. Usithubutu kuwafukiza mwenyewe kwa moto chini ya paa la mbao kavu. Nyigu nao wapishe.

Popo ni habari nyingine. Wanaosema Tanga ni waja leo waondoka leo hawajakutana na popo wa Tanga, maana huyo akija haondoki. Si wote wanaoishi mapango ya Amboni. Wadogo wadogo wanapenda mianya ya chini ya bati na nyuma ya mbao za upenuni. Wanakula wadudu wengi na hawana ubaya na mtu, lakini usiwashike kwa mikono mitupu, maana wanauma, na popo anaweza kubeba magonjwa. Kinyesi chao kikavu kinaweza kuota kuvu, na vumbi lake likivutwa linaweza kuumiza mapafu. Kwa hiyo usikifagie kikavu. Kinyunyizie maji kwanza kilowe, vaa barakoa na glavu, ukizoe kwa kipande cha bati, ukitie kwenye mfuko.

Kuwatoa popo hakufanyiki kwa kuziba mianya wakiwa ndani. Watafia humo, nyumba inuke mwezi mzima. Mianya ya nje inazibwa usiku wakishatoka kula, na kama wana watoto wasioruka bado, unasubiri wakue. Tundu la dari unaweza kulifunga wakati wowote, kwa kuwa hilo ni la kuwazuia wasiingie vyumbani na haliwanyimi njia ya nje.

Sasa kagua mbao. Chukua bisibisi ya bapa na uchome kila mbao inayozunguka tundu. Ikigoma, ni nzima. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, mchwa au maji yameshaila, na lazima ibadilishwe. Tafuta michirizi ya udongo ya mchwa ukutani na madoa ya maji chini ya bati. Bati likiwa linavuja, anza na bati. Fremu mpya chini ya paa linalovuja ni fedha iliyotupwa.

Hatua ya 3: Mbao za kukingama

Sehemu hii usiiharakishe.

Siling bodi hupigiliwa kwenye brandaringi, zile mbili kwa mbili zilizopigwa chini ya kenchi, mara nyingi kwa umbali wa futi mbili hivi. Tundu lako huenda lina brandaringi pande mbili tu, na pande nyingine mbili bodi inaelea hewani. Hizo pande mbili zinazoelea ndizo chanzo cha mfuniko kupinda na dari kushuka.

Kata vipande vya mbili kwa mbili vienee kutoka brandaringi moja hadi nyingine, kimoja kila upande unaoelea, ili tundu liwe limezungukwa na mbao pande zote nne. Kila mwisho wa kipande piga skrubu mbili za inchi 3 za kulala mshazari, moja kila ubavu, baada ya kutoboa kwa biti ya milimita 3. Usiruke kutoboa. Paini kavu ikipigwa skrubu mwishoni bila kutobolewa inapasuka, na ufa hauonekani mpaka siku ya uzito. Kabla ya kukaza skrubu, paka gundi kwenye kiungio.

Kama tundu ni dogo na unataka kulipanua, brandaringi unaweza kuikata, mradi ncha zake mbili zilizokatwa ziungwe kwenye mbao za kukingama siku hiyo hiyo. Mbao ya kenchi haikatwi kamwe. Ile mbao ndefu ya chini inayolala kutoka ukuta hadi ukuta ndiyo inayozuia paa lisisukume kuta kwenda nje. Nimeona nyumba ambayo ilikatwa ili tangi la maji lipite. Ufa wa ukuta wake ulianza pembeni ya dirisha, na hakuna aliyehusisha mambo hayo mawili kwa muda mrefu.

Ukimaliza, pima mraba. Futi itoke pembe hadi pembe ya upande wa pili, kisha pembe nyingine mbili. Kwa tundu la sm 60 vipimo vyote viwili vinatakiwa kuwa karibu sm 84.9. Vikipishana zaidi ya nusu sentimita, legeza upande mmoja usogeze. Tundu lililokaa mshazari litakulazimisha kutengeneza mfuniko wa mshazari, na siku ukiugeuza tu haukai tena.

Hatua ya 4: Fremu na ukingo

Kata ubao wa moja kwa sita upate vipande vinne vya kulivika tundu kwa ndani, ubao ukisimama kwa upana wake. Chini ulingane na uso wa dari, na juu ubaki umechomoza darini sm kumi na kitu. Huo mchomozo una kazi: vumbi, kinyesi cha popo na vipande vya viota vya ndege havitakumwagikia usoni kila ukifungua. Kaza fremu kwenye mbao za kukingama kwa skrubu za inchi 2, tatu kila upande, huku ukiangalia pima maji.

Ukingo ni ile moja kwa mbili. Isimamishe kwa wima ndani ya fremu, chini kabisa, pande zote nne, hivi kwamba unene wake wa sm 2.5 ndio unaotokeza ndani kuubeba mfuniko. Paka gundi, kisha piga skrubu za inchi 3. Urefu huo una sababu. Skrubu inapita ukingo sm 2.5, inapita fremu sm 2.5, na bado inauma mbao ya kukingama kwa sm 2 na nusu hivi. Skrubu ya inchi 2 ingeishia kwenye fremu, na ukingo ungekuwa unashikiliwa na ubao mmoja mwembamba. Tatu kila upande zinatosha, ila ziache nafasi mahali ndimi za makomeo zitakapoingia.

Sasa uwazi umebaki sm 50 kwa 50. Mtu mzima wa mwili wa kawaida anapita. Fundi mwenye kitambi atalalamika, na hapo ndipo utakapojua kama ungepaswa kupanua mapema.

Hatua ya 5: Mfuniko

Kata plaiwudi mraba wa sm 54.4. Fremu ni sm 55, kwa hiyo unabaki na milimita 3 kila upande. Usijisifu kwa kuukata ukaenea kabisa. Wakati wa kaskazi mbao ni kavu na kila kitu kinaingia vizuri, lakini masika ikija, kati ya Machi na Mei, mbao zinanyonya unyevu na mfuniko unakwama. Hapo ndipo watu huugonga kwa nyundo kutoka chini na kuharibu kila kitu.

Lainisha kingo kwa msasa na upake rangi pande zote mbili pamoja na ubavu wote. Ubavu ndio unaonyonya maji, na ndio unaosahaulika. Mafuta machafu ya gari ambayo watu wengine hupaka mbao dhidi ya mchwa yaache kwa nguzo za uani. Ndani ya nyumba yananuka na yanalisha moto.

Kwa chini, katikati, funga mshikio mdogo. Bila mshikio hutaweza kuushusha na kuukalisha sawasawa ukiwa kwenye ngazi. Kisha funga kamba imara ya nailoni kutoka upande wa juu wa mfuniko hadi kwenye fremu, yenye urefu wa kutosha kuuweka pembeni darini na ufupi wa kutosha usimfikie kichwani mtu aliyesimama chini. Mfuniko wa mraba unaweza kupita kwenye uwazi wake ukiusimamisha kwa pembe. Kamba ndiyo itakayouzuia ukiponyoka.

Hatua ya 6: Makomeo

Yafunge chini ya mfuniko, kwenye pande mbili zinazotazamana, ulimi ukielekea kwenye ukingo. Mfuniko ukiwa umekaa, sukuma ulimi uguse ubavu wa ukingo, weka alama ya penseli, utoboe tundu la kina cha sm 2 au zaidi. Ulimi unaingia ndani ya mbao yenyewe. Kile kibati kidogo kinachokuja na komeo kwa ajili ya kupokea ulimi hukihitaji, ila kama tundu limelegea kipigilie juu yake kiliimarishe.

Plaiwudi ya milimita 12 inapokea skrubu fupi tu. Ili makomeo yasing'oke, badili skrubu zake uweke bolti nyembamba zinazopita mfuniko mzima, na nati zenye washa pana kwa juu. Ndiyo tofauti kati ya komeo la pambo na komeo la kazi.

Kufuli ni uamuzi wako. Kama una watoto watundu au nyumba ina vyumba vya kupangisha, liweke kwenye komeo moja. Ufunguo uwe mahali pamoja panapojulikana na watu wazima wote wa nyumba. Siku bomba la tangi likipasuka au waya ukitoa cheche, hamtakuwa na muda wa kupekua makabati. Na kabla ya kufunga makomeo, kila mara, ita jina la aliyepanda. Makomeo yanafungwa kwa chini, na aliyebaki juu saa saba mchana hana pa kutokea.

Hatua ya 7: Mianya na kelele

Mfuniko wa mbao juu ya mbao utagonga upepo ukivuma. Dawa iko chini ya kitanda: kandambili iliyokatika. Ikate vipande vyembamba vya upana wa sm moja, uvigundishe juu ya ukingo kuzunguka pande zote. Sponji ya kubandika ya dukani inafaa pia, ila joto la darini hulegeza gundi yake mapema. Ukiweka kandambili hakikisha unene wake hauinui mfuniko kiasi cha ndimi kushindwa kulenga matundu. Ikate nyembamba, au toboa matundu baada ya kuigundisha.

Panya mdogo anapita kwenye mwanya wa milimita 6 au 7, hivyo kati ya fremu na siling bodi ziba kwa listi ya mbao pande zote nne. Listi hiyo pia itaficha makosa ya msumeno.

Kuijaribu kazi

Washa umeme, funga makomeo, kisha ubamize mlango wa chumba huku dirisha moja liko wazi. Mfuniko ukiruka na kugonga, ulimi una nafasi kubwa ndani ya tundu lake. Halafu washa udi, uupitishe taratibu kuzunguka kingo. Moshi ukivutwa kwenda juu mahali fulani, hapo kuna mwanya. Mwisho, sukuma kila pembe kwa viganja viwili ukiwa kwenye ngazi. Pembe inayocheza inaonyesha upande ambao skrubu hazikufika kwenye mbao ya kukingama.

Ninyi wenye mfuniko wa kufungukia chini

Hamlazimiki kuubomoa. Hakikisheni bawaba mbili za inchi 3 zimekaa kwenye fremu ya mbao na si kwenye bodi, makomeo yawe mawili badala ya moja, na upande wa makomeo kuwe na mnyororo mfupi unaouruhusu kufunguka sm 10 tu mwanzoni. Ukishaona hakuna kitu juu yake, unaachia mnyororo.

Nyumba za vyumba vya kupangisha

Nyumba nyingi za Ngamiani zenye korido katikati na vyumba huku na huku zina kasoro moja ambayo komeo haliitibu. Kuta za vyumba zinaishia usawa wa dari. Juu yake ni uwazi mmoja kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho, na anayepanda kupitia tundu la koridoni anaweza kutokea juu ya kitanda chako. Dari ikiwa ya jipsamu au pivisi hahitaji hata tundu, goti linatosha. Tundu la korido likifungwa kwa namna niliyoeleza unamwondolea njia ya kimya, na mwizi akilazimika kuvunja bodi atasikika. Tiba kamili ni kupandisha kuta za vyumba hadi zifike kwenye bati, na hiyo ni kazi ya mwenye nyumba. Akisema gharama ni kubwa, mwombeni angalau grili ya nondo juu ya tundu, yenye bawaba na kufuli, iliyofungwa kwa bolti kwenye mbao za kukingama. Mchomeleaji yeyote wa mtaani anaitengeneza, mkimpa vipimo sahihi vya nje ya fremu.

Matunzo

Kagua mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Kaza skrubu zilizolegea na utazame michirizi ya mchwa kwenye fremu. Kwenye ndimi za makomeo usipake grisi, maana inashika vumbi la darini na kugeuka tope. Sugua mshumaa mkavu, zitateleza. Skrubu yoyote iliyoanza kutoa unga wa kutu itoe uweke mpya ingali inazunguka, kwa sababu ikishaoza kichwa utaitoa kwa kuvunja mbao.